Kompyuta ya mezani: uiunge mwenyewe au ununue iliyo tayari? Maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina meza ya ufundi Dar es Salaam. Hazipiti siku mbili bila kijana kuja na simu, anifungulie picha yenye orodha ya vifaa: prosesa hii, RAM hii, kadi hii, kasha lenye taa. (Prosesa ni ubongo wa kompyuta, RAM ni kumbukumbu ya kazi inayoendelea, kadi ni ya kuchora picha kwenye kioo.) "Fundi, nikiunga hivi itanigharimu kiasi gani?" Mara nyingi namjibu kwa swali: kazi yenyewe ni ipi? Hapo ndipo maongezi huanza upya. Nimeandika majibu ninayoyarudia zaidi, wengine wasilazimike kupanda daladala kuja kuyasikia.

Fundi, sema moja: kipi nafuu, kuunga au kununua?

Inategemea unalinganisha na nini, maana njia haziko mbili, ziko tatu. Kuna mpya ya kiwandani kwenye boksi lake. Kuna ya kuunga kifaa kwa kifaa. Halafu kuna mtumba wa ofisi, zile Dell, HP na Lenovo zilizotumika Ulaya, Marekani au Ghuba kwa miaka michache, kampuni ikabadilisha zote kwa pamoja, zikauzwa kwa jumla na nyingi zikapitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi.

Kwa kazi za ofisi, shule, hesabu za duka na steshenari, mtumba unazishinda njia nyingine mbili kwa mbali. Sababu ni rahisi: upya wa ile mashine alishaulipia mtu mwingine. Wewe ukinunua madabodi mpya, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vingine, RAM mpya, kasha jipya, kila kimoja kimebeba nauli yake, kodi yake na faida ya muuzaji wake. Unakuwa umewalipa wafanyabiashara saba kwa kompyuta moja.

Kuunga kunaanza kuwa na maana pale mtumba unapoishiwa nguvu: kuhariri video, kuchora majengo kwa 3D, gemu nzito. Hapo ukilinganisha na mpya ya kiwandani yenye nguvu ileile, ya kuunga mara nyingi inakuja na vifaa bora zaidi kwa pesa ileile.

Nitajuaje kama mimi ni mtu wa kuunga?

Jiulize ni kitu gani kinachokusubirisha leo. Kama unasubiri kompyuta iwake, unasubiri Excel ifunguke, tatizo lako karibu hakika ni diski ya zamani ya kuzunguka au RAM ya GB 4. Weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ongeza RAM, uendelee na maisha. Nimewahi kumrudisha mama mmoja wa steshenari aliyekuja na pesa ya kompyuta mpya. Aliondoka na SSD ya GB 240 na chenji ya kununulia rimu za karatasi.

Kama unasubiri video itoke na unakunywa chai mbili kabla haijafika nusu, wewe ni wa kuunga, au angalau wa njia ya katikati nitakayoeleza hapo chini.

Mtumba nichague upi?

Anza na kizazi cha prosesa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za kampuni ya Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa hiyo mstari uko hapo. Ukisikia OptiPlex 3060, 5060 au 7060 za Dell, EliteDesk 800 G4 ya HP, ThinkCentre M720 au M920 za Lenovo, hizo ni za kizazi cha 8, chukua. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ni za nyuma ya mstari. Zitawaka, zitafanya kazi, ila unanunua mlango ambao mwenyewe ameshaufunga. Kuna wanaozilazimishia Windows 11 kwa ujanja. Mashine ya kuchezea sawa, ya hesabu za biashara hapana.

Muuzaji ananiambia "hii ni i7". Si inatosha?

Haitoshi kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Baada ya i3, i5 au i7 kuna namba, na mwanzo wa namba hiyo ndio kizazi. i7-3770 ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012. i5-8500 ni kizazi cha 8 na ina viini sita, yaani sehemu sita za kufanya kazi kwa pamoja. i5-10400 ni kizazi cha 10. Hata i3-12100, ambayo kwa jina inaonekana mtoto, inaipita ile i7 ya 2012 bila kutoka jasho. Mwambie muuzaji awashe mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome jina kamili mwenyewe. Akisema umeme umekatika, rudi ukisharudi.

Ukiwa hapo hapo, ingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Kama inadai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Mashine za ofisi hufungwa na idara zao za kompyuta, na kuifungua inaweza kukugharimu muda na pesa ambazo hukuzipangia.

Nasikia unaweza kununua mtumba wa ofisi ukaweka kadi ya grafiki ukapata mashine ya gemu. Kweli?

Kweli, na ndiyo njia ninayowapa wengi. Lakini ina mitego, na nimeona watu wakinunua kadi kwanza halafu ndio wananiletea kasha isimoingia.

Mtego wa kwanza ni umbo. Hizi mashine huja kwa miili mitatu. Kuna kasha kubwa la kusimama, wauzaji huliita tawa. Kuna jembamba. Na kuna zile ndogo kama kitabu kinene, zinazotumia chaja ya nje na RAM za laptopu. Hizo ndogo nyingi hazina pa kuchomeka kadi, zisahau. Jembamba linapokea kadi fupi tu, zile zenye kipande cha chuma cha nusu urefu. Tawa ndilo lenye nafasi, na kwa bahati mbaya ndilo adimu sokoni kwa sababu jembamba ni rahisi kulisafirisha kwa wingi.

Mtego wa pili ni pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha. Nyingi za mashine hizi zina wati 200 hadi 260 na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo unatafuta kadi inayokula umeme kutoka kwenye tundu la madabodi peke yake, yaani isiyozidi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za aina hiyo, na RTX 3050 ya GB 6 pia, ila hakikisha toleo unalonunua halina tundu la waya juu yake, maana watengenezaji wengine huongeza.

Mtego wa tatu unakuja ukisema, "basi nitabadilisha pawa saplai niweke kubwa." Dell na HP kwenye mashine za ofisi wanatumia plagi zao wenyewe, si ile ya pini 24 ya mfumo wa ATX ambao Intel waliutoa mwaka 1995 na ambao ndio unaofanya kompyuta za kuunga ziwezekane. Kuna nyaya za kugeuza plagi, lakini katika kasha jembamba hata hiyo pawa saplai yenyewe haitaingia.

Nimeamua kuunga. Niigawe vipi pesa?

Watu huanza na prosesa na kadi, wanamalizia na kasha lenye taa, halafu chenji iliyobaki ndiyo wananunulia pawa saplai. Mimi nakuomba uanze na pawa saplai. Najua si kifaa cha kupiga picha ukaweka status.

Miaka yangu ya kwanza ya ufundi nilimuungia kijana wa studio ya muziki. Bajeti ilibana, nikakubali pawa saplai ya bei ya chini iliyoandikwa W 500 kwa herufi kubwa. Ilikaa miezi minne. Siku umeme uliporudi kwa kishindo ilikufa, na haikufa peke yake, iliondoka na madabodi pamoja na diski yenye nyimbo za watu. Nilimlipa kidogo kidogo. Tangu hapo nasoma kibandiko. Tafuta safu ya +12V uone imeandikwa ampea ngapi, zidisha kwa 12. Ikiandikwa A 18, hizo ni wati 216, haidhuru boksi linasema 500. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 hukaribia A 38 au kuzidi. Ipime pia mkononi: nyepesi kama boksi tupu ina siri.

Vingine nitavipitia haraka. Prosesa ya kati inatosha karibu kila mtu. Ryzen 5 5600G ya AMD, washindani wa Intel, ina grafiki ndani yake, unaweza kuanza nayo bila kadi na kuongeza kadi mwakani. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina, na prosesa za Intel zenye F mwishoni hazina pia, zitakuonyesha giza mpaka ununue kadi. SSD ya GB 500 ndiyo ya kuanzia. Kasha ni bati tu: liwe na feni mbili na chujio la vumbi. Ukikaa Zanzibar, Tanga, Mombasa au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, usiliweke karibu na dirisha hilo. Chumvi na unyevu hula pini polepole.

Madabodi je? Nikinunua yoyote si prosesa itaingia?

Hapana. AMD wana soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi, ya AM4, ya tangu 2016, inayotumia RAM za aina ya DDR4, na AM5 ya 2022 inayotumia DDR5 tu. Haziingiliani. Intel ndio wagumu zaidi: kizazi cha 7 na cha 8 vinatumia soketi yenye jina lilelile, LGA1151, lakini prosesa ya kizazi cha 8 ukiiweka kwenye madabodi ya kizazi cha 7 inaingia vizuri kabisa, na haiwaki. Halafu kuna suala la BIOS. Madabodi ya AM4 iliyokaa dukani muda mrefu inaweza isiitambue Ryzen ya mfululizo wa 5000 mpaka isasishwe. Muulize muuzaji kabla hujalipa, na akikubali, aiwashe na prosesa yako mbele yako.

Kwa nini orodha niliyopanga mwaka jana sasa imepanda bei hivi?

RAM. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei zake zilipanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vikubwa vya kumbukumbu, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba zinakolipa zaidi. Desemba 2025 Micron walitangaza kuacha kabisa kuuza RAM na SSD za Crucial kwa wateja wa kawaida. SSD nazo zikavutwa juu.

Hili limegeuza hesabu yangu. Zamani nilimwambia mtu anunue mtumba wenye RAM kidogo, aongeze mwenyewe. Siku hizi nasema tafuta mtumba unaokuja na GB 16 tayari, hata kama umezidi kidogo bei, na kabla hujatupa mashine mbovu ya nyumbani ichunguze kama ina DDR4 ndani.

Na umeme wetu huu?

Umeme uhesabu kama kifaa, uuweke kwenye orodha. UPS, kisanduku cha betri ya akiba, ya VA 650 inatosha mashine ya ofisi na monita yake, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Kwa mashine yenye kadi kubwa, nenda VA 1200 au zaidi, na muulize muuzaji kama inatoa wimbi safi, kwa sababu baadhi ya pawa saplai nzuri hazielewani na UPS za bei rahisi: umeme ukikatika, kompyuta inazimika UPS ikiwa bado inalia. Betri ndani ya UPS hizi ni ya kubadilishwa baada ya miaka miwili mitatu, usiitupe UPS nzima.

Upande wa LUKU: mashine ya ofisi inayokula wastani wa wati 60 pamoja na monita, kwa saa nane, haifiki nusu uniti kwa siku. Mashine ya gemu ikikaa kwenye wati 350 kwa saa tano inakula karibu uniti moja na robo tatu. Kama nyumba mnachangia mita, mwenzako atakuuliza.

Nimeona vifurushi vya Xeon kutoka China, viini kumi na kitu, bei ya kutupa. Nichukue?

Ni prosesa za seva zilizostaafu, zimewekwa kwenye madabodi mpya yenye vipande vya zamani. Kwa kazi inayotumia viini vyote kwa pamoja, mfano kutoa video, zinasukuma vizuri. Kwa gemu na kazi za kawaida ni nzito, zinakula umeme, zinatoa joto, na hazina grafiki ndani. Shida yangu kubwa nazo ni madabodi. Ikifa, hapa hapana wa kumrudishia, na kusubiri nyingine ni wiki kadhaa. Mtu mwenye mashine ya pili anaweza kujaribu. Anayetegemea mashine moja kulipa kodi ya chumba, asiiguse.

Kadi ya grafiki ya mtumba ina hatari gani?

Mbili. Ya kwanza ni uchovu: sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji, yaani kutumia kadi hizi kwa hesabu za kutengeneza sarafu, Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote mbovu, nyingine ukizibadilishia pesti ya kupitisha joto na feni zinadumu. Ya pili ni ufeki. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kuna pia RX 580 yenye maneno 2048SP, ambayo si feki ila ni dhaifu kuliko RX 580 halisi. Endesha programu ya GPU-Z, itakuambia kama kadi inadanganya, kisha iendeshe na gemu nzito kwa nusu saa papo hapo. Muuzaji anayekataa nusu saa amekujibu.

Dhamana ikoje ukilinganisha?

Ya kiwandani mpya ina risiti moja na mlango mmoja wa kugonga. Ya kuunga ina risiti sita, na kila muuzaji atasema kosa ni la kifaa cha mwenzake. Ndiyo maana nasisitiza, ukiweza, nunua madabodi, prosesa na RAM duka moja, kwa risiti ya EFD, siku moja. Mtumba dhamana yake ni neno la muuzaji, kwa kawaida wiki au mwezi, kwa hiyo itumie kwa fujo siku za mwanzo. Usiifunike kitambaa ukisubiri meza mpya.

Windows nayo inalipiwa?

Ndiyo, na wengi hawaiweki kwenye hesabu. Mtumba wa Dell au HP kwa kawaida umekuja na leseni yake ndani ya madabodi, ukisakinisha upya inajitambua ukiwa na intaneti. Ya kuunga haina. Utanunua, au utaweka Linux, mfumo mbadala wa bure, ambayo kwa intaneti na nyaraka haikosi kitu. Zile programu za kuvunja leseni mnazopeana kwa fleshi ndizo zinazoniletea nusu ya wateja wenye virusi, kwa hiyo kwa upande wa biashara sipaswi kulalamika.

Kwa nini nisinunue laptopu tu nimalize?

Kama unahama, unasoma chuo, au mtaani kwenu umeme ni wa kubahatisha, nunua laptopu. Ila haikarabatiki kama ya mezani, na kwa bei ileile nguvu ni ndogo.

Naweza kuunga mwenyewe au lazima fundi?

Unaweza. Bisibisi moja ya nyota, meza safi, mchana, na kitabu cha madabodi kikiwa wazi. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kifaa ili umeme tuli ukutoke. Sehemu ya kuogopa ni moja tu: prosesa. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwenye AM5 na Intel ziko kwenye madabodi, na popote zilipo zikipinda umenunua somo. Prosesa haisukumwi, inaachiwa iketi yenyewe. Kila kitu kingine kina umbo lake na hakiingii kinyume, labda ulazimishe.

Nimemaliza kuunga, nimebonyeza, haiwaki. Nimeharibu?

Pengine hapana. Tazama swichi ya nyuma ya pawa saplai. Kisha tazama juu kushoto ya madabodi: kuna waya wa pini 8 wa kulisha prosesa, ndio unaosahaulika kuliko wote. Chomoa RAM, irudishe mpaka usikie mlio wa kujifunga, ikibidi jaribu kipande kimoja kimoja. Angalia pia kama kuna parafujo la shaba lililobaki chini ya madabodi mahali pasipo na tundu.

Na kama feni zinazunguka, taa zinawaka, ila kioo ni cheusi, kabla hujanipigia simu saa tano usiku fuata waya wa monita kwa mkono mpaka nyuma ya kasha. Kama umeuchomeka kwenye madabodi ilhali una kadi, uhamishie kwenye kadi.